Royal Ivey: Mchezaji wa Benchi Aliyeifikisha Sudan Kusini Olimpiki

Katika michezo ya kulipwa kuna kundi la wachezaji ambalo historia hulipitia haraka, nalo ni la wale wanaodumu katika ligi kwa miaka mingi bila kuwa nyota, wakihama timu moja hadi nyingine kila mkataba unapokwisha, wakiingia uwanjani kwa dakika chache na kurudi benchi kabla watazamaji hawajalikariri jina lililoandikwa mgongoni mwao. Wachezaji wa namna hiyo, ambao katika makala haya wataitwa wachezaji wahamaji, hawauzi jezi wala hawabandikwi kwenye mabango, lakini hakuna kocha wa mpira wa kikapu anayeweza kumaliza msimu bila wao. Mmarekani Royal Ivey alikuwa mmoja wao. Kati ya mwaka 2004 na 2013 alizitumikia timu nne za ligi kuu ya Marekani, NBA, akiwa na wastani wa pointi zisizofika nne kwa mchezo, na huenda jina lake lingefutika kabisa kama asingegeukia ukocha na kuiongoza Sudan Kusini, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, hadi kwenye Kombe la Dunia la 2023 na Michezo ya Olimpiki ya Paris ya 2024.

Maisha yake yanastahili kuchunguzwa kwa makini na wapenzi wa michezo wa Kongwa, wa Dodoma na wa uwanda wote wa kati, kwa sababu yanahusu swali ambalo nchi zetu bado hazijalijibu vizuri: mchezaji wa kiwango cha kawaida anayefika mwisho wa safari yake ana thamani gani kwa mchezo? Jibu linalojitokeza katika safari ya Ivey ni kwamba benchi, lile linalodhaniwa kuwa mahali pa waliokosa nafasi, linaweza kuwa darasa bora la ukocha kuliko uwanja wenyewe, kwa kuwa anayekaa pale hulazimika kuuelewa mchezo wote ili apate kuucheza kwa dakika tano.

Ivey alizaliwa jijini New York tarehe 20 Desemba 1981, akakulia katika mazingira ambayo uwanja wa kikapu wa saruji ni sehemu ya mtaa kama lilivyo duka la kona, na akasoma sekondari ya Benjamin Cardozo iliyoko Queens kabla ya kuhamia Blair Academy, shule ya bweni katika jimbo la New Jersey. Uamuzi huo wa kuhama shule ndio uliokuja kuamua sura ya pili ya maisha yake, ingawa wakati ule hakuna aliyeweza kujua. Hapo Blair ndipo alipokutana na kijana mdogo kwake kwa umri, mrefu na mpole, aliyezaliwa Wau katika iliyokuwa Sudan, akakimbia vita na familia yake hadi Misri, kisha akapokelewa London. Kijana huyo alikuwa Luol Deng. Urafiki wa wavulana wawili waliovaa jezi ya shule moja ulidumu, na baada ya takribani miaka ishirini ukazaa timu ya taifa.

Mwaka 2000 Ivey aliingia Chuo Kikuu cha Texas, ambako kocha Rick Barnes alimpa kazi ya ulinzi. Hapa inafaa kueleza kwamba katika mpira wa kikapu jina la mlinzi hupewa mmoja wa wachezaji wafupi wanaopandisha mpira na kupanga mashambulizi, na kwamba si kila mlinzi ni mkabaji mzuri. Ivey, mwenye urefu wa takribani mita 1.93, alikuwa mlinzi kwa nafasi na mkabaji kwa kazi, yaani yule ambaye kocha humtuma kumfuata mfungaji hatari zaidi wa upande wa pili na kumnyima raha kwa dakika arobaini. Mwaka 2003 Texas ilifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani, hatua inayofuatiliwa kwa hamasa kubwa nchini humo, na ikatolewa na Syracuse iliyokuwa na Carmelo Anthony. Sifa za Texas msimu ule zilimwendea T. J. Ford, mpishi wa mashambulizi. Ivey alibaki pembeni ya sifa hizo, hali ambayo angeizoea.

Ili kuelewa alivyoingia NBA, msomaji hana budi kujua utaratibu wa uchaguzi wa wachezaji wapya, ambao kila mwaka huzipa timu zamu ya kuchagua vijana katika raundi mbili, timu dhaifu zikipewa nafasi nzuri zaidi ya kutangulia. Anayechaguliwa katika raundi ya kwanza huwa na mkataba wenye uhakika, ilhali wa raundi ya pili huitwa mazoezini bila ahadi yoyote, na anaweza kurudishwa nyumbani kabla msimu haujaanza. Katika uchaguzi wa Juni 2004 marafiki wawili wa Blair walichaguliwa usiku mmoja: Luol Deng alikuwa wa 7, akaenda Chicago Bulls, ambako alikaa miaka kumi na kuchaguliwa mara mbili kuwa miongoni mwa nyota wa ligi, naye Royal Ivey alikuwa wa 37, katika raundi ya pili, akaenda Atlanta Hawks, moja ya timu dhaifu za wakati ule. Miaka mitano baadaye Mtanzania Hasheem Thabeet, aliyetokea Dar es Salaam na kupitia Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa 2 na Memphis Grizzlies, nafasi ya juu ambayo hakuna Mtanzania mwingine aliyewahi kuikaribia. Namba hizi zinafaa kukumbukwa, kwa sababu zinaonyesha kwamba mahali mtu anapoanzia katika orodha hapatabiri mchezo utamfikisha wapi.

Kutoka Atlanta, Ivey alihamia Milwaukee Bucks mwaka 2007, mwaka uliofuata akawa Philadelphia 76ers, Februari 2010 akarudishwa Milwaukee kwa njia ya kubadilishana wachezaji, baadaye mwaka huohuo akasajiliwa na Oklahoma City Thunder, na mwaka 2012 akawa tena Philadelphia. Kubadilishana wachezaji ni desturi ambayo wapenzi wa soka wa Tanzania huenda wakaiona ngeni na hata ya kikatili, kwa sababu katika NBA timu mbili zinaweza kupeana wachezaji katikati ya msimu bila wahusika kuulizwa. Mtu huamka akiwa wa mji mmoja, jioni akaambiwa akapande ndege ya kwenda mji mwingine, ambako atakuta kocha mwingine, mbinu nyingine na istilahi nyingine za mbinu zilezile. Baada ya NBA alikwenda China kuichezea Guangdong, na hapo safari yake ya uchezaji ikafikia tamati.

Mtu anayehesabu pointi tu ataiona safari hiyo kuwa ya unyonge, lakini hesabu hiyo haimtendei haki. Kila timu katika zile nne ilikuwa na sababu ya kumwita, na kila kocha aliyempa mkataba alimlipa kwa ajili ya mambo yasiyoandikwa kwenye karatasi ya matokeo: kumkaba nyota wa timu yake mazoezini kwa nguvu zote ili nyota huyo asilale, kukariri mbinu za mpinzani wa kesho na kuzicheza upande wa pili ili kikosi cha kwanza kijifunze kuzizuia, kumnong'oneza chipukizi aliyekosea kabla kocha hajapaza sauti, na kuwa tayari, baada ya kukaa robo tatu nzima, kuingia uwanjani bila jasho mwilini na kumkaba mtu aliyekwisha kupata moto. Oklahoma City ya wakati wake ilikuwa na vijana watatu wa kutisha, Kevin Durant, Russell Westbrook na James Harden, na mwaka 2012 ilifika fainali ya ligi ikafungwa na Miami Heat michezo minne kwa mmoja. Ivey aliiona safari hiyo yote akiwa upande wa kocha, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye ubao wa kuchorea mbinu. Majira yaleyale alipoondoka, timu hiyo ilimsajili Hasheem Thabeet.

Mfano mmoja wa kazi ya ukabaji utaonyesha ni elimu ya namna gani aliyokuwa akiikusanya. Mbinu inayotumika zaidi katika kikapu cha leo ni ile ya kuweka kizuizi, ambamo mchezaji mrefu wa timu yenye mpira husimama wima, miguu ikiwa imekita sakafuni, kando ya mkabaji wa mwenzake, ili mwenye mpira apite akigusana bega na aliyesimama na kumwacha mkabaji wake nyuma. Wakabaji wawili wanaohusika hapo wana muda usiozidi sekunde moja wa kukubaliana la kufanya. Aliyezibwa akipita juu ya kizuizi, upande ule alikopita mwenye mpira, humnyima mpinzani nafasi ya kutupa kutoka mbali lakini huacha njia wazi ya kuelekea kwenye ringi. Akipita chini huziba njia hiyo lakini humpa mpinzani mtupo huru wa pointi tatu, ambao katika mashindano ya kimataifa hutupwa kutoka mita 6.75, na wakiamua kubadilishana watu, huenda mfupi akajikuta anamkaba mrefu chini ya ringi. Uamuzi sahihi hutegemea ni nani ana mpira, anatumia mkono gani, amechoka kiasi gani, na wenzake watatu waliobaki wamesimama wapi. Mchezaji mwenye kipaji kikubwa anaweza kukosea katika hayo yote na bado akaokolewa na miguu yake, wakati mchezaji wa kiwango cha Ivey akikosea mara mbili hurudishwa benchi, na akikosea mwezi mzima hutafutiwa mbadala. Umasikini wa kipaji, kama unaweza kuitwa hivyo, ulimlazimisha kuwa tajiri wa maarifa.

Haishangazi basi kwamba mara tu alipoacha kucheza, Oklahoma City ndiyo iliyomfungulia mlango, ikimpa mwaka 2014 kazi ya kocha msaidizi katika Oklahoma City Blue. Hiyo ni timu ya ligi ya maendeleo, ambayo kila timu ya NBA huitumia kulea vijana na kuwarudisha uwanjani majeruhi, na mishahara yake, safari zake na watazamaji wake ni vya hali ya chini. Alikaa huko miaka miwili, akapandishwa hadi benchi la timu kubwa mwaka 2016, mwaka 2018 akahamia New York Knicks, mwaka 2020 Brooklyn Nets, na mwaka 2023 Houston Rockets. Kwa hiyo hata katika ukocha aliendelea kuwa mhamaji. Kazi ya kocha msaidizi katika ligi hiyo haina utukufu: hutazama video za wapinzani hadi usiku wa manane, huandaa taarifa fupi ambayo mchezaji aweza kuisoma na kuikumbuka, hutangulia uwanjani kabla ya mchezo kumfanyisha mazoezi chipukizi mmoja mmoja, na jina lake halitajwi timu inaposhinda.

Wakati Ivey akipanda ngazi hiyo, rafiki yake Deng alikuwa akitafakari nchi yake. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, ikajiunga na shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, FIBA, mwaka 2013, na ndani ya muda huohuo ikatumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyowatawanya mamilioni ya watu. Nchi hiyo ilikuwa na watu warefu na ilikuwa na jina la Manute Bol, jitu la mita 2.31 lililocheza NBA tangu 1985, likamfundisha Deng mchezo huo huko Misri na kutumia mali yake kusaidia watu wake. Lakini haikuwa na ukumbi wa ndani wa kikapu unaokidhi mashindano ya kimataifa, na hali hiyo iliendelea kwa muda mrefu. Deng alichukua urais wa shirikisho la nchi hiyo mwaka 2019, mwaka uleule aliostaafu kucheza, akatumia fedha zake mwenyewe kulipia tiketi, hoteli na viwanja vya mazoezi vya kukodi katika nchi za watu, na Januari 2020, katika mashindano ya kufuzu ya ukanda wetu yaliyofanyika Nairobi, alikaa mwenyewe kwenye kiti cha kocha. Muda si mrefu alimpigia simu mtu aliyemwamini kuliko makocha wenye majina makubwa, na Ivey akakubali.

Mtihani wa kwanza ulikuwa AfroBasket, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika la mpira wa kikapu, lililochezwa Kigali mwaka 2021. Sudan Kusini ilikuwa inashiriki kwa mara ya kwanza, na ilifika robo fainali kabla ya kutolewa na Tunisia iliyotwaa ubingwa, ikamaliza ya saba. Katika michezo ya kufuzu Kombe la Dunia iliyofuata, timu hiyo ilishinda michezo kumi na mmoja na kupoteza mmoja tu, na Februari 2023 mjini Alexandria, Misri, ikakata tiketi kwa kuifunga Senegal 83 kwa 75. Nchi yenye umri wa miaka kumi na mmoja ilikuwa imewatangulia majirani wengi waliocheza kikapu tangu enzi za ukoloni.

Ni watu gani walioifanya kazi hiyo? Wenyen Gabriel alizaliwa Khartoum, akapitia Misri na kulelewa New Hampshire, na katika NBA alikuwa mhamaji kama kocha wake, akizunguka Sacramento, Portland, New Orleans, Brooklyn na timu zote mbili za Los Angeles. Nuni Omot alizaliwa katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, akakulia Minnesota, na mwaka 2023 aliibuka mchezaji bora wa Ligi ya Kikapu ya Afrika akiwa na Al Ahly ya Misri. Marial Shayok alikulia Kanada, Bul Kuol Australia, na Carlik Jones ni Mmarekani aliyepewa uraia. Mkusanyiko wa aina hiyo, wa watu waliofunzwa na makocha tofauti kwa namna tofauti, na ambao hukutana kwa wiki chache tu kila mwaka, ndio ambao ungemshinda kocha aliyezoea kuwa na nyota na muda. Kwa Ivey, aliyewahi kufika katika mji mpya jioni na kutakiwa kucheza kesho yake, hali hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa: alijua kwamba mgeni hafundishwi kitabu kizima, bali hupewa mambo machache anayoweza kuyashika, na kwamba jambo la kwanza analohitaji kulijua ni kazi yake.

Wakazi wa Kongwa hawahitaji maelezo marefu ili kuelewa maana ya watu kujipanga wakiwa nje ya kwao. Baada ya mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza kuanzishwa hapa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, wilaya hii ilipata historia nyingine yenye heshima zaidi, pale ilipowapokea katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na vyama vingine, ambao walifanya mazoezi na kuishi kwenye ardhi ya Wagogo wakisubiri siku ya kurudi. Mpira wa kikapu si vita, wala haifai kuufananisha mchezo na ukombozi. Hata hivyo, kikosi cha taifa kinachofanya mazoezi Kigali au Alexandria kwa sababu nyumbani hakuna pa kufanyia ni jambo ambalo watu wa hapa wana sababu ya kulitazama kwa moyo wa karibu kuliko wengine.

Katika Kombe la Dunia, Agosti na Septemba 2023 mjini Manila, Sudan Kusini ilianza kwa kufungwa na Puerto Rico 101 kwa 96 katika dakika za nyongeza, ikaifunga China 89 kwa 69, ikapigwa na Serbia 115 kwa 83, kisha ikawafunga wenyeji Ufilipino 87 kwa 68 na Angola 101 kwa 78. Kwa utaratibu uliowekwa, timu ya Afrika iliyofanya vizuri kuliko nyingine za bara hilo ilipewa nafasi ya moja kwa moja ya Olimpiki, na timu hiyo ikawa ya nchi iliyocheza mashindano hayo kwa mara ya kwanza.

Mchezo uliowashtua walimwengu, hata hivyo, haukuwa wa mashindano yoyote. Tarehe 20 Julai 2024, katika ukumbi wa O2 jijini London, Sudan Kusini ilicheza mechi ya kirafiki na Marekani yenye LeBron James, Stephen Curry na wenzao, timu ambayo kampuni za ubashiri wa michezo ziliitabiria ushindi wa zaidi ya pointi 40. Hadi mapumziko Sudan Kusini iliongoza 58 kwa 44. Mbinu ya Ivey ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza: wachezaji wake warefu walitoka nje ya eneo la ringi na kutupa kutoka mbali, hivyo kuwalazimisha Wamarekani wakubwa kukaba mahali wasipopenda kukaba, mpira ulipandishwa kwa kasi kabla ukabaji wa wapinzani haujajipanga, na Carlik Jones, aliyemaliza mchezo akiwa na pointi 15, ribaundi 12 na pasi 11 za kufungisha, aliachiwa kuamua kila shambulizi. Zikiwa zimesalia sekunde chache, Sudan Kusini ilikuwa mbele 100 kwa 99. LeBron James, mwenye umri wa miaka 39, alipokea mpira, akaingia ndani kwa nguvu na kuweka kikapu sekunde nane kabla ya kipenga, jaribio la mwisho la Sudan Kusini halikuingia, na mchezo ukaisha 101 kwa 100. Mabingwa watetezi wa Olimpiki walikuwa wameokolewa na mchezaji wao mkubwa kuliko wote, mbele ya timu ambayo kocha wake alimaliza safari yake ya NBA bila wastani wake wa jumla kufika pointi nne.

Siku nane baadaye, tarehe 28 Julai, katika uwanja wa Lille ambako hatua ya makundi ya Olimpiki ilichezwa, waandaaji walikosea na kupiga wimbo wa taifa wa Sudan badala ya ule wa Sudan Kusini. Wachezaji walibaki wamesimama, mikono vifuani, hadi kosa liliporekebishwa, kisha wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79 na kulipa deni la Manila. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa nchi yao katika mpira wa kikapu wa Olimpiki. Walifungwa na Marekani 103 kwa 86 na Serbia 96 kwa 85, wakatolewa, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahesabu kuwa wameshindwa.

Kikosini mwa Paris alikuwamo mvulana wa miaka 17, Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek aliyekulia Kawempe, kitongoji cha Kampala, ambako aliugusa mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza akiwa tayari na umri wa miaka kama kumi na mitatu. Ivey alimwita kwenye Kombe la Dunia akiwa na miaka 16, akampa dakika chache, akamweka benchi karibu yake, akampa nyingine. Malezi hayo ya polepole yalikuwa ni kumtengenezea mtoto ile elimu ambayo kocha mwenyewe aliipata kwa kulazimika. Mwaka 2025, baada ya mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Duke, Maluach alichaguliwa wa 10 katika NBA na kwenda Phoenix Suns.

Haitakuwa haki kuifanya hadithi hii kuwa ya ushindi mtupu. Timu ya Ivey ilijengwa hasa na vijana waliolelewa Marekani, Kanada na Australia, kwa gharama za shule na vyuo vya huko, na mtoto wa Bor au Malakal bado ana nafasi finyu mno ya kufuata nyayo zao akiwa nyumbani. Kocha mzuri anaweza kukifanya kikosi kionekane kikubwa kuliko nchi inavyoweza kukilisha, na hatari yake ni viongozi kudhani kwamba kazi imekwisha. Tena fedha za mtu mmoja, hata awe na moyo kama wa Deng, si mfuko wa taifa.

Tanzania, kwa upande wake, ina vitu ambavyo Sudan Kusini haina: amani ya muda mrefu, shirikisho la mpira wa kikapu la siku nyingi, TBF, na mashindano ya UMISSETA ambayo huwakutanisha wanafunzi wa sekondari wa mikoa yote, mpira wa kikapu ukiwa mmoja wa michezo yake. Ilimtoa Thabeet, mwenye zaidi ya mita 2.2, ambaye baada ya Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City aliendelea kucheza Japan na Taiwan, naye kwa hiyo ni mhamaji mwenye elimu ya nchi nyingi kichwani. Kinachokosekana katika wilaya nyingi za bara ni mtu wa kusimama kando ya uwanja. Katika sekondari nyingi za uwanda huu uwanja wa kikapu, pale ulipo, ni wa wazi, wenye nguzo mbili za chuma, sakafu inayofunikwa na vumbi la kiangazi na mistari iliyofutika, na mwalimu wa zamu aliyepewa timu hiyo pengine hajawahi kuucheza mchezo wenyewe. Wakati huohuo, katika mji huohuo, yupo mtumishi wa halmashauri, askari, fundi au mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa aliyewahi kuchezea chuo chake au mkoa wake, aliyekaa benchi misimu mingi akitazama, na ambaye tangu alipovua jezi hajaulizwa neno na mtu yeyote.

Ombi la makala haya kwa maofisa michezo wa Kongwa na wa wilaya za Mpwapwa, Chamwino na Bahi, na kwa wakuu wa shule wanaoandaa timu zao kila mwaka, ni kwamba wawatafute watu hao kwa majina, wawaalike mazoezini hata kwa jioni mbili za wiki, na waiombe TBF iwapeleke kwenye kozi za awali za ukocha kabla ya UMISSETA ijayo.